SOMO LA MWEZI: CHAKULA CHA NYONGEZA KWA VIWAVI WA HARIRI

Mkulima, huenda umesikia kwamba kiwavi wa hariri akiongezewa vitamini hukua upesi na kufuma hariri nyingi. Neno hilo lina ukweli, lakini ukweli nusu waweza kukupotezea kundi zima. Soma somo hili kabla hujatoa fedha yako.

Jinsi anavyokula

Kiwavi huyu chakula chake ni majani ya mforosadi. Tangu atoke yaini mpaka aanze kufuma ni kama siku 25, na katika siku hizo uzito wake huongezeka kiasi cha mara 10,000. Hujivua ngozi mara nne, kwa hiyo ana vipindi vitano vya kula. Kipindi cha tano peke yake humaliza zaidi ya robo tatu ya majani yote. Uzi anaoutoa ni protini, na protini hiyo hutoka katika jani. Jani likiwa hafifu, hariri nayo ni hafifu.

Lisha mti kwanza

Nyongeza ya kwanza, basi, ni samadi. Tia samadi iliyooza vizuri penye mashina, palilia, na pogoa ili machipukizi mapya yatoke. Viwavi wachanga wape majani laini yaliyokatwakatwa. Wakubwa wape yaliyokomaa. Usiwape jani lililonyauka wala lenye maji.

Hapa Kachibora usiku ni baridi na asubuhi kuna umande. Ngoja umande ukauke ndipo uchume. Wachanga wanataka joto la digrii 26 hadi 28, na wakubwa 23 hadi 25. Kiwavi mwenye baridi hali vizuri, hata ukimpa vitamini.

Nyongeza yenyewe

Wataalamu, hasa wa India, wamejaribu kutia majani vitamini C, vitamini za kundi B na unga wa soya. Mara nyingi kipimo kidogo kiliongeza uzito wa viwavi na wa vifukofuko vyao. Kipimo kikubwa kiliwarudisha nyuma. Kwa hiyo usikisie kwa kijiko. Uliza kipimo kwa Afisa wa Kilimo, au katika kituo cha utafiti wa hariri cha KALRO kilichoko Thika. Kisha jaribu hivi:

1. Kipindi cha nne kinapoanza, hesabu viwavi 200 walioanguliwa siku moja. Weka 100 katika kila trei.
2. Trei ya kwanza ipe majani yaliyonyunyiziwa dawa ya vitamini, mlo mmoja kwa siku. Ya pili ipe majani yaliyonyunyiziwa maji matupu. Yote yakauke kivulini kwanza.
3. Wakiinua vichwa na kutulia, wanajivua ngozi. Usiwalishe mpaka waamke.
4. Mwisho, hesabu waliokufa na upime vifukofuko vya kila trei.

Kama trei ya kwanza haikuzidi ya pili kwa thamani ya dawa uliyonunua, acha. Samadi yakutosha.

Jihadhari na dawa ya mahindi

Mashamba yetu ya skimu yamepakana, na tangu mwaka 2017 wengi hunyunyizia mahindi dawa ya kuua viwavijeshi vamizi. Dawa hiyo haichagui kiwavi adui na kiwavi wa faida. Ikipeperushwa na upepo hadi kwenye mforosadi wako, mlo mmoja waweza kuua trei zote, wala hakuna vitamini itakayowaponya. Usipande mforosadi kandokando ya mahindi. Zungumza na jirani akujulishe siku ya kunyunyizia, nawe chuma majani ya kutosha mapema.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini samadi huitwa nyongeza ya kwanza?
2. Kwa nini trei ya pili hunyunyiziwa maji matupu?
3. Jirani yako atanyunyizia mahindi kesho. Utafanya nini leo?

Ukiweza kuyajibu bila kutazama juu, uko tayari kuanza jaribio lako.