Jeraha la Risasi: Okoa Mtu, Tunza Ushahidi



Katika baadhi ya vijiji wapo watu wenye magobori ya kuwindia na kulindia mashamba. Je, mtu akipigwa risasi, tufanye nini?

Kwanza, tuokoe maisha. Msidanganywe na tundu dogo. Risasi huenda kwa kasi. Ikipita mwilini husukuma nyama pande zote, hukata mishipa na kuvunja mifupa. Pia huingiza uchafu na vipande vya nguo. Kidonda huweza kuoza, au mgonjwa akapata pepopunda.

Wekeni kitambaa safi juu ya jeraha. Kandamizeni kwa nguvu bila kuachia. Tazameni kama kuna tundu jingine. Msichokonoe risasi. Msitie majivu wala dawa ya majani. Mpelekeni mgonjwa hospitali upesi. Wakati huohuo, mtu mmoja aende polisi kutoa taarifa na kuchukua fomu ya PF3.

Pili, tutunze ushahidi. Jeraha husema. Bunduki ikipigwa karibu sana, masizi na chembe za baruti huweza kubaki kwenye ngozi au nguo. Marisau yakipigwa karibu hutoboa tundu moja kubwa. Yakipigwa kutoka mbali hutawanyika, yakatoboa matundu mengi madogo.

Watu husema tundu la kuingilia ni dogo na la kutokea ni kubwa. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara. Kazi ya kuamua ni ya daktari.

Tuchukue mfano. Juma anasema, "Tulikuwa tunanyang'anyana bunduki, ikafyatuka." Jirani anasema, "Uongo! Alimvizia kutoka mbali." Nani mkweli? Shati la majeruhi laweza kujibu. Mkilifua, mmefua na jibu. Asiye na kosa aweza kufungwa, na mwenye kosa akaachwa.

Kwa hiyo:
1. Msifue nguo wala kuichoma.
2. Mkiikata ili kumvua mgonjwa, msipitishe mkasi kwenye tundu.
3. Ianikeni kivulini, kisha itieni katika mfuko wa karatasi. Katika mfuko wa nailoni nguo mbichi huoza.
4. Mkabidhini polisi.
5. Msiguse bunduki. Huenda bado ina risasi.

Maswali:
1. Kwa nini tundu dogo ni la hatari?
2. Kwa nini tusifue nguo ya majeruhi?
3. Nani ataichukua nguo hiyo?