Kutoa na Kutengeneza Usukani wa Gari Kuukuu

Wanafunzi wengi hupenda kuzungumza habari za injini na breki, lakini usukani huuona kuwa duara tu la kushikia. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, fundi wa magari hapa Nachingwea, kutengeneza usukani wa Land Rover ya miaka ya 1970. Mwenyewe ni mzee wa Ruangwa anayechukulia magunia ya ufuta na korosho. Usukani ulikuwa umepasuka mahali patatu, nao ulimkata viganja kila alipokata kona. Haya ndiyo niliyojifunza.

SABABU YA KUPASUKA

Ndani ya usukani mna duara la chuma, na juu yake pamevikwa plastiki ngumu. Fizikia yatufundisha kwamba vitu hutanuka vipatapo joto na hunywea vipoapo. Plastiki hutanuka na kunywea zaidi sana kuliko chuma. Gari likichomwa na jua mchana na kupoa usiku, miaka nenda miaka rudi, plastiki hukauka na kutaka kunywea, lakini chuma kilicho ndani huizuia. Mwisho wake ni kukatika.

KUUTOA

Kwanza, gari lisimame mahali sawa, magurudumu ya mbele yaelekee mbele, na waya wa betri ufunguliwe. Pili, ondoa kifuniko cha katikati. Magari mengi yana kitufe cha honi hapo. Kumbuka waya wake ulivyokaa. Tatu, tazama usukani umeshikwa na nini. Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina bolti inayobana shingo ya usukani. Ile yetu ilikuwa na nati kubwa juu ya mhimili.

Kabla ya kuutoa, tia alama ya rangi juu ya usukani na juu ya mhimili, ili urudi palepale. Kisha legeza nati, lakini usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi chache. Usukani ukichomoka ghafula, nati itauzuia usikupige usoni.

Usukani uliokaa miaka mingi haukubali kutoka upesi. Hapa wengi huchukua nyundo na kupiga ncha ya mhimili. Hilo ni kosa kubwa, kwani pigo hushuka mpaka kwenye beringi na kuziharibu, tena nyuzi za nati hupondeka. Yapasa kutumia chombo cha kuvutia, ambacho mafundi hukiita pula. Hukazwa polepole mpaka usukani uachie.

KUUTENGENEZA

Panua kila ufa kwa tupa mpaka uwe kama herufi V, ili gundi ipate mahali pa kushika. Safisha vumbi na mafuta yote kwa spiriti. Changanya gundi ya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa, ujaze ufa mpaka gundi ipite juu kidogo, kisha uache mpaka ikauke kabisa. Ndipo utakaposawazisha kwa tupa, ukamaliza kwa msasa na kupaka rangi.

Lakini kama chuma cha ndani kimekatika, au meno ya katikati yanayoshika mhimili yamelika, hapana budi kutafuta usukani mwingine. Gundi haiwezi kufanya kazi ya chuma.

KUURUDISHA

Linganisha alama zile mbili, sukuma usukani mpaka mwisho, kisha kaza nati kama kitabu cha gari kisemavyo. Jaribu kugeuza kushoto na kulia kabla ya kuwasha injini. Kisha endesha polepole penye uwanja, na baada ya siku chache kagua nati tena.

Mzee alipokuja kulichukua gari lake, alipapasa zilipokuwa nyufa akafurahi. Mjomba akafungua kifuniko, akamwonyesha nati, akamwambia, "Mzee, nyufa zilikuwa zinaumiza mikono yako tu. Hii ndiyo inayoshika roho za watu uliowapakia."

Onyo la mwisho: magari ya siku hizi yana mfuko wa hewa ndani ya usukani, nao waweza kulipuka na kumjeruhi mtu. Hayo tuwaachie mafundi waliosomea.