Zahanati ni Ndiva Yetu

Leo tunajifunza jambo linalogusa kila nyumba hapa Kighare: nani hulipia matibabu yetu, na nani anayalinda malipo hayo.

Kaa kidogo kwenye benchi la zahanati, utasikia watu wakibishana. Mmoja atasema, "Zamani tulitibiwa bure." Mwenzake atajibu, "Siku hizi bila hela hupati hata kidonge." Wote wawili wana lao la kweli, lakini habari hawajaimaliza. Hebu tuimalize pamoja.

MAJI YA NDIVA SI YA BURE

Sisi wa Upare tunaijua ndiva. Maji ya mfereji huingia usiku na kukusanyika. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na kila shamba hupata kwa zamu yake. Mtu hanunui maji pale. Lakini je, ni ya bure? Nani alijenga ukuta? Nani anazoa tope? Ni sisi wenyewe, kwa msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu.

Matibabu nayo ni hivyo hivyo. Dawa hununuliwa. Mganga na muuguzi hulipwa mshahara. Jokofu la chanjo linataka umeme au gesi. Kwa hiyo dawa ya bure haipo. Swali ni hili: pesa itolewe lini? Itolewe na watu wote kabla ya kuugua, au itolewe na mgonjwa peke yake siku anayougua?

TULIKOTOKA

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 tu nchi nzima. Pesa nyingi zilikwenda kwenye hospitali za mijini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali na chama cha TANU waliamua pesa zielekezwe vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Mwaka 1977 sheria ilikataza matibabu ya kutafuta faida, ingawa hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Ilipofika mwaka 1980 vituo vya afya vilikuwa vimezidi 200.

Nani alilipa? Ni mkulima wa kahawa, pamba na katani, kwa njia ya kodi na ushuru. Nchi rafiki nazo zilisaidia. Kwa hiyo aliyesema "zamani tulitibiwa bure" alikuwa amekwisha lipa, ila hakuuona mkono wake ukitoa.

Kisha mambo yakawa magumu. Bei ya mafuta ilipanda, bei ya mazao yetu ikaanguka, na vita vya kumwondoa Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha nyingi. Zahanati zilibaki na mlango na benchi, dawa hamna. Mwaka 1991 matibabu ya binafsi yaliruhusiwa tena. Mwaka 1993 Serikali ilianza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipa sehemu ya gharama, kwanza katika hospitali kubwa.

UGONJWA HAUNGOJI GULIO

Kulipa mlangoni kuna ubaya wake. Tuseme mama mmoja, mjane wa miaka 45, ameshikwa na homa kali. Hela hana, ila ana debe la maharage. Anasema, "Nitakwenda zahanati nikishauza gulioni." Gulio ni baada ya siku nne. Siku ya tatu hawezi kusimama. Sasa inabidi akodiwe gari ateremshwe mlimani, alazwe, aongezewe maji. Kilichokuwa gharama ya vidonge kimekuwa gharama ya mbuzi wawili. Na hapo kama amewahi.

Ndiyo maana ilitafutwa njia ya kulipa mapema. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga, na mwaka 2001 ukawekewa sheria. Kaya ilichanga kwa mwaka, na Serikali ikaongeza tele kwa tele, shilingi kwa shilingi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inataka kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo walipiwe.

Kuna wanaouliza, "Kwa nini nichange na siumwi?" Ndugu, ndiva haijazwi siku ya kiangazi. Wakisubiri wote mpaka waugue, mfuko utakauka. Lakini na wanaosema, "Nina kadi, dawa sipati," nao wana haki. Ndiva isiyotoa maji haipati mtu wa kuzoa tope lake.

Shida hii si yetu peke yetu. Uingereza ilianzisha matibabu ya kulipiwa na kodi tarehe 5 Julai 1948. Miaka mitatu tu baadaye serikali yao iliamua wagonjwa wachangie meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, aliyeuanzisha mpango huo akiwa Waziri wa Afya, alijiuzulu serikalini kwa sababu hiyo. Kumbe hata kwa matajiri ni jambo la siasa: watu lazima wachague nani atoe, na kiasi gani.

NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Wizara ya Afya hutunga sera. Zahanati na vituo vya afya vya Serikali viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI. Dawa huagizwa Bohari ya Dawa. Mgonjwa akizidiwa, hupandishwa ngazi: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Mawenzi, kisha KCMC.

Lakini ngazi ya kwanza iko mikononi mwetu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati. Matumizi hupangwa na mganga mfawidhi pamoja na kamati ya zahanati, na katika kamati hiyo wamo wananchi wenzetu. Dawa zikiletwa, wajumbe wanapaswa kushuhudia zikihesabiwa.

Mwaka 1945 wazee wetu walishuka kwa maelfu mpaka Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa mali zao kukadiriwa kwa makisio wasiyoyaelewa. Nasi tufuate nyayo zao kwa njia ya sasa. Tuna kitu ambacho wengi wao hawakuwa nacho: tumesoma. Tusiache elimu ya kisomo iishie kwenye kuandika barua.

Basi mkutano wa kijiji ukiitwa, twende. Tuulize fedha ngapi zimeingia, zimetumikaje, dawa gani zimepokelewa. Tuombe hesabu zibandikwe ukutani, tuzisome. Tuulize kwa heshima, maana mganga si adui yetu; mara nyingi naye anahangaika peke yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tunasema dawa ya bure haipo?
2. Yule mama mjane angesaidiwaje kabla ya siku ya gulio?
3. Wajumbe wa kamati ya zahanati yako ni akina nani? Walichaguliwa lini?
4. Mara ya mwisho hesabu za zahanati zilisomwa lini mbele ya wananchi? Kama hujui, kikundi chenu kitafanya nini?