SOMO LA KAMATI: NANI AINGIE KWENYE ORODHA?



Katika mwaka wa njaa, kazi inayoumiza kichwa kuliko kupakua magunia ya mahindi ni ile ya kuandika orodha. Magunia ni machache, kaya ni nyingi, na kamati lazima iseme nani ni mhitaji na nani siye. Somo la toleo hili linaeleza njia mbili za hisabati zilizobuniwa kwa mambo ambayo mpaka wake hauonekani vizuri. Kalamu na daftari vinatosha kuanzia.

1. Tatizo la mstari mmoja

Tuseme kamati imepanga kwamba kaya yenye chakula cha chini ya miezi 3 ghalani ndiyo mhitaji. Kaya ya kwanza ina chakula cha miezi 3 kasoro siku 5, hivyo inapata gunia. Kaya ya pili ina chakula cha miezi 3 na siku 5, hivyo inarudi mikono mitupu. Wanatofautiana kwa ugali wa siku 10 tu, lakini kwenye orodha mmoja ni "ndiyo" na mwingine ni "hapana". Hapo ndipo manung'uniko yanapoanza, na mara nyingi yana haki.

Shuleni tulifundishwa kwamba kitu ama kimo ndani ya seti ama kiko nje. Kwa namba shufwa na witiri hilo halina shida. Maneno kama "maskini", "mzee" au "mbali" hayakatwi kwa kisu namna hiyo.

2. Seti zenye ukungu: kuuliza "kwa kiasi gani?"

Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba kitu kinaweza kuwa ndani ya seti kwa kiwango fulani, kuanzia 0 (hakimo kabisa) hadi 1 (kimo kabisa). Tunaweza kuziita seti zenye ukungu, kwa kuwa kingo zake hufifia polepole kama mlima wakati wa asubuhi.

Turudi ghalani. Kamati inakubaliana kwamba mwenye chakula cha mwezi 1 au pungufu ana kiwango 1 cha uhitaji, na mwenye cha miezi 5 au zaidi ana 0. Katikati kiwango kinashuka sawasawa: miezi 2 ni 0.75, miezi 3 ni 0.5, miezi 4 ni 0.25. Sasa zile kaya mbili za mwanzo zote ziko karibu na 0.5, na zote zinaweza kupata takriban nusu gunia.

Kama vigezo ni viwili, Zadeh alitoa kanuni rahisi. Tukisema "hana chakula NA hana nguvukazi", tunachukua kiwango kidogo kati ya viwili. Tukisema "AU", tunachukua kikubwa. Kaya yenye 0.75 kwa chakula na 0.5 kwa nguvukazi itapata 0.5 kwa "NA", na 0.75 kwa "AU". Kwa hiyo neno moja dogo katika kanuni ya kamati linabadilisha mgawo wa watu.

Angalizo: 0.75 haina maana ya bahati nasibu. Ghala tumeliona na magunia tumeyahesabu. Kinachopimwa ni ukubwa wa uhitaji wenyewe.

Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia njia hii katika mitambo. Akiwa London katika miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake waliendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno ya kawaida kama "kidogo" na "sana". Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Italia, Cerioli na Zani, walichapisha njia ya kupima umaskini kwa kutumia seti hizo hizo.

3. Seti za makadirio: kuuliza "tunajua nini?"

Mwaka 1982 Zdzisław Pawlak wa Poland alichapisha wazo lingine. Yeye aliangalia hali ambayo watu wawili wanafanana kabisa kwenye daftari letu, ingawa maisha yao hayafanani.

Tuchukue mfano wa kaya 6. Fomu inauliza mambo mawili: paa na mifugo. Baadaye kamati ilitembelea kila nyumba na kuamua nani mhitaji.

Kaya 1 na 2: paa la nyasi, hazina mifugo, wahitaji.
Kaya 3: paa la nyasi, ina mifugo, mhitaji.
Kaya 4: paa la nyasi, ina mifugo, si mhitaji.
Kaya 5 na 6: paa la bati, zina mifugo, si wahitaji.

Kaya 3 na 4 zimejibu fomu sawasawa, lakini uamuzi umetofautiana. Kwa fomu hii peke yake hatuwezi kuzitenganisha. Pawlak angetupa makundi matatu: wahitaji kwa hakika (1 na 2), wasio wahitaji kwa hakika (5 na 6), na walio mpakani (3 na 4).

Sasa tuongeze swali moja: je, kuna ndugu anayetuma fedha kila mwezi? Tuseme kaya 4 na 6 zinatumiwa, na nyingine hazitumiwi. Mara moja kaya 3 na 4 zinatengana na kundi la mpakani linakwisha. Tena, paa na fedha vinatosha kutoa uamuzi ule ule kwa kaya zote 6, kwa hiyo swali la mifugo linaweza kuondolewa. Bila shaka kaya 6 hazitoshi kutunga kanuni ya kijiji kizima, lakini kazi ni ile ile kwa kaya 200.

4. Kila ugonjwa na dawa yake

Hili ndilo fundisho kuu. Kuna mashaka ya aina mbili, na kamati nyingi huyachanganya. La kwanza linatokana na neno lenyewe: hata tukijua kila kitu kuhusu kaya, bado ni mhitaji kwa kiasi fulani tu. Dawa yake ni kupunguza au kuongeza mgawo kulingana na kiwango. La pili linatokana na uchache wa habari. Hapo kukata gunia nusu kwa nusu ni kosa, maana kaya 3 itapunjwa na kaya 4 itapata isichohitaji. Dawa yake ni kurudi nyumbani kwa mtu na kuuliza swali lililosahaulika. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa wafadhili wetu: ripoti inayosema "kaya 40 maskini zilisaidiwa" haionyeshi ngapi zilikuwa za hakika na ngapi zilikuwa mpakani. Ombeni kuyaona makundi yote matatu, na msishtuke kundi la mpakani likiwa na watu. Kamati inayokiri mashaka yake imefanya kazi ya uaminifu.

Mwisho, hesabu haituondolei wajibu. Ile miezi 1 na miezi 5 ilichaguliwa na watu, na watu wanaweza kujipendelea. Viwango vijadiliwe mkutanoni mbele ya wote, kabla majina hayajaandikwa.

Maswali ya kujadili

1. Katika orodha yetu ya mwisho, ni kaya zipi zilikuwa mpakani? Tulizitendeaje?
2. Je, fomu yetu ina swali lisilobadilisha uamuzi wowote? Je, kuna swali linalokosekana?
3. Kanuni yetu inasema "na" au "au"? Nani anaumia kwa neno hilo?