Madonda Matakatifu: Yanathibitisha Nini?



Wapendwa wasomaji, kila tarehe 23 Septemba Kanisa linapomkumbuka Mtakatifu Pio wa Pietrelcina, watu hurudia swali lilelile: madonda yale yalikuwa ya kweli? Ni swali zuri, lakini ningependa tutangulize jingine. Tukikubali kwamba yalikuwa ya kweli, yanathibitisha nini?

Neno stigmata ni la Kigiriki. Maana yake ni alama au chapa iliyotiwa mwilini, kama ile waliyopigwa watumwa ili ijulikane ni mali ya nani. Mtume Paulo analitumia anapowaambia Wagalatia kwamba anachukua mwilini mwake chapa za Yesu (Gal 6:17). Wafafanuzi wengi wa Maandiko wanaona kwamba alikuwa akizungumzia makovu ya viboko na mawe aliyopigwa kwa ajili ya Injili (taz. 2 Kor 11:23-25). Paulo hakuwa na matundu ya misumari, na bado chapa alikuwa nayo.

Mtu wa kwanza anayejulikana sana kupata madonda yanayofanana na ya Msulubiwa ni Fransisko wa Assisi. Ilikuwa Septemba 1224, katika mlima La Verna huko Italia, alipokuwa amejitenga kwa mfungo na sala. Mpaka alipofariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226 aliyaficha kadiri alivyoweza, na ni baada ya kifo ndipo Ndugu Elia alipoandika barua kuwatangazia ndugu zake habari hiyo. Katarina wa Siena, aliyeyapokea Pisa mwaka 1375, aliomba yasionekane kwa macho ya watu. Tuzingatie jambo hili, maana siku hizi mtu akiota ndoto moja tu, kesho yake ina video kwenye simu zetu.

Hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia. Katika Summa Theologiae anatofautisha neema inayomfanya mtu mwenyewe ampendeze Mungu na karama zinazotolewa kwa faida ya wengine. Karama inaweza kuwepo hata kwa mtu asiye mtakatifu. Yesu mwenyewe alionya kwamba wapo watakaodai kuwa wametoa unabii na kufukuza pepo kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe (Mt 7:22-23). Kwa hiyo hata donda la ajabu kabisa halitoshi kuwa cheti cha utakatifu.

Sisi tunaosoma falsafa tunapaswa pia kuangalia hoja mbili zinazokwenda haraka mno. Ya kwanza: daktari ameshindwa kueleza, basi ni Mungu. Hapana, daktari kushindwa kunatuambia kuhusu mipaka ya udaktari, na bado hatujajua chanzo. Ya pili: akili na hisia kali zinaweza kuathiri mwili, basi Mungu hayumo. Hii nayo ina tundu, kwa sababu Mungu, aliye sababu ya kwanza, hutenda pia kupitia sababu za pili, yaani viumbe na maumbile yao. Binafsi naona hoja ya pili ndiyo hudanganya wasomi, na ya kwanza hudanganya waamini.

Sasa tumrudie Padre Pio. Alikuwa Mkapuchini wa miaka 31 alipopata madonda, tarehe 20 Septemba 1918, akisali mbele ya msalaba katika konventi ya San Giovanni Rotondo. Mwaka 1919 walifika madaktari. Luigi Romanelli aliyapima. Profesa Amico Bignami kutoka Roma alihisi yanatokana na hali ya nafsi na matumizi ya iodini, akaagiza yafungwe bandeji na kupigwa muhuri mbele ya mashahidi ili yapone. Hayakupona. Giorgio Festa yeye aliona sayansi haina maelezo. Wengine walimshuku kwamba anajichoma kwa asidi.

Na Kanisa? Mwaka 1923 Roma ilitangaza kwamba haijathibitika kuwa matukio hayo yanatoka kwa Mungu. Mwaka 1931 likaja pigo zito zaidi: Padre Pio alikatazwa kuungamisha na kuadhimisha Misa mbele ya watu. Fikirini padre ambaye watu walisafiri kutoka mbali kuungama kwake, sasa anasoma Misa peke yake katika kikanisa cha ndani. Alikuwa na umati ambao ungeweza kumfuata popote kama angeasi. Alinyamaza, akatii, hadi zuio lilipoanza kuondolewa mwaka 1933.

Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1999 na mtakatifu tarehe 16 Juni 2002. Katika mchakato wa namna hii Kanisa huchunguza kama mtu aliishi imani, matumaini, mapendo na fadhila nyingine kwa kiwango cha kishujaa. Kumtangaza hakukuwa kutangaza kwamba madonda yake ni fundisho la imani; Mkatoliki anayeyaonea shaka hajatenda dhambi. Hata kanuni mpya za Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, zilizotolewa Mei 2024, zinaeleza kwamba kwa kawaida Kanisa halitatamka kuwa tukio fulani limetoka kwa Mungu. Askofu huangalia kwanza kama kuna matunda mema, au kama kuna udanganyifu na kutafuta fedha au sifa.

Padre Pio alifariki tarehe 23 Septemba 1968. Siku zake za mwisho madonda yalikuwa yamefunga. Walioutazama mwili wake walikuta mikono, miguu na ubavu vikiwa safi, bila hata kovu. Hospitali aliyoianzisha kwa ajili ya wagonjwa, iliyofunguliwa mwaka 1956 jirani na konventi, inafanya kazi mpaka leo.