Uhai wa Mtu Huanza Lini? Somo Kutoka Katiba ya Kenya



Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kuna sentensi fupi ambayo katiba nyingi duniani hazina. Kifungu cha 26, kinachohusu haki ya kuishi, kinatamka katika sehemu yake ya pili kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Wengi wetu tumeisikia sentensi hiyo ikitajwa katika mahubiri na semina za vijana, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo: Katiba imesema, basi. Katika somo hili tunapenda kuonyesha kwamba bado kuna kazi ya kufikiri. Sheria inaweza kumtambua mtoto aliye tumboni, lakini haimfanyi awe mtu. Na kumtambua peke yake hakutoshi kumlinda.

1. Kilichotokea mwaka 2010

Wakenya walipiga kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010, na takriban asilimia 67 wakaikubali Katiba mpya. Maaskofu Katoliki, pamoja na viongozi wa madhehebu mengine mengi ya Kikristo, walikuwa wamewaomba waamini waikatae. Mtu anaweza kushangaa: Katiba inasema uhai huanza mimba inapotungwa, nao maaskofu wanaipinga?

Jibu limo katika sehemu ya nne ya kifungu hicho hicho. Hapo utoaji mimba unakatazwa, lakini unaruhusiwa iwapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au iwapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Maaskofu waliona kwamba neno «afya» ni pana, na kwamba maneno kuhusu sheria nyingine yanaacha mlango wazi.

Mwezi Juni 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa chini ya kifungu hicho, ikiwa mtaalamu wa afya anaona inahatarisha uhai au afya ya mama, afya ya akili ikiwemo. Kwa hiyo sentensi kuhusu mwanzo wa uhai imebaki mahali pake, lakini mabishano yamehamia kwenye maneno yanayoifuata.

2. Maswali matatu, si moja

Tunapojadili jambo hili, inafaa tutenganishe maswali matatu. Kwanza, kiumbe hai kipya cha jamii ya binadamu huanza lini? Hilo ni swali la sayansi. Pili, je, kiumbe hicho ni mtu, yaani nafsi yenye hadhi? Hilo ni la falsafa. Tatu, sheria impe ulinzi gani? Hilo ni la sheria na siasa. Watu wengi hujibu swali moja kana kwamba wameyajibu yote matatu.

Kwa swali la kwanza hakuna ugomvi mkubwa. Mbegu ya baba na yai la mama zikiungana, hupatikana kiumbe chenye mpangilio wake wa urithi, tofauti na wa mama na wa baba, kinachoanza kukua kwa kujiongoza chenyewe. Yai la mamalia lilitambuliwa na Karl Ernst von Baer mwaka 1827 tu. Wanafalsafa wa kale hawakuwa na elimu hiyo.

Hapa tuseme ukweli kuhusu Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwa kuwa wanaotetea utoaji mimba humtaja mara kwa mara. Ni kweli kwamba, akimfuata Aristotle, alifundisha kuwa roho yenye akili huingia baadaye, mwili ukishaanza kupata umbo. Lakini hukumu yake ilitegemea elimu ya viumbe ya zama zake, na hata hivyo aliuona utoaji mimba katika hatua yoyote kuwa dhambi nzito. Kanuni yake kwamba roho huhitaji mwili uliopangwa ipasavyo tunaweza kuishika hata leo. Tunachojua zaidi yake ni kwamba mpangilio huo upo tangu mwanzo.

3. Je, ni mtu?

Boethius alimweleza mtu kuwa ni kitu kimoja kamili, kilicho peke yake, chenye maumbile ya akili. Tuzingatie neno «maumbile». Hakusema mtu ni yule anayefikiri sasa hivi. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa katika chumba cha upasuaji hafikiri wala hachagui, lakini daktari anajua kwamba anayempasua ni mtu.

Kuna pingamizi zito zaidi. Katika siku 14 hivi za mwanzo, kiinitete kinaweza kugawanyika na kuwa mapacha. Ndiyo maana Uingereza, baada ya ripoti ya kamati ya Mary Warnock ya mwaka 1984, iliweka siku 14 kuwa mpaka wa utafiti juu ya viinitete. Wanauliza: kitu kinachoweza kuwa wawili kitakuwaje mtu mmoja? Tumtazame mkulima wa muhogo. Akikata shina moja vipande viwili na kuvipanda, ataona mimea miwili. Hakuna anayesema kwamba kabla ya kukata hapakuwa na mmea mmoja ulio hai. Uwezo wa kugawanyika hauondoi umoja uliopo sasa.

Je, mtu akibaki na shaka? Papa Yohane Paulo II, katika Waraka wake Injili ya Uhai wa mwaka 1995, anafundisha kwamba hata uwezekano tu wa kuwapo nafsi ya mtu unatosha kukataza kitendo cha kuiua. Mwaka 2016 jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi. Zaidi ya siku tatu baadaye waokoaji walimtoa mtoto mchanga akiwa hai. Hawakuwa na hakika kwamba kuna mtu chini ya kifusi, na kwa sababu hiyo hiyo hawakukizoa kwa mashine. Shaka iliwafanya wachimbe kwa uangalifu.

4. Sheria inaweza nini?

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 260, inasema neno «mtu» linajumuisha pia kampuni na ushirika. Kampuni ni mtu kwa sababu sheria imeamua iwe hivyo: inasajiliwa, na inaweza kufutwa. Mtoto hasubiri kusajiliwa. Kifungu cha 26 kikibadilishwa kesho, mtoto atabaki alivyo. Sheria njema humkuta tayari yupo, nayo inamkiri. Sheria ya Urithi ya Kenya inajua jambo hili kwa namna yake: humhesabu miongoni mwa watoto hata yule aliyekwisha kutungwa lakini hajazaliwa, mradi baadaye azaliwe hai.

Wengine huhofu kwamba ulinzi huu unamwacha mama afe. Tulieleze jambo hili vizuri parokiani. Mama mwenye saratani ya mfuko wa uzazi anaweza kutolewa mfuko huo, hata ikijulikana kwamba mtoto hatapona. Hapo kinachokusudiwa ni kuondoa ugonjwa. Kifo cha mtoto hakitakiwi wala si njia ya kumponya mama. Maadili huita hali hii kitendo chenye matokeo mawili, na kinatofautiana na kumuua mtoto moja kwa moja.

5. Wajibu wetu

Tukisema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, tumesema pia kwamba siku hiyo jirani yetu ameongezeka. Msichana aliyebakwa, au aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba, anabeba watu wawili katika shida moja. Tukitetea kifungu cha 26 huku tukimnyoshea kidole na kumwacha bila chakula, bila kliniki na bila njia ya kurudi shule, tutakuwa tumemtetea mtoto kwa maneno tu.

Na kwa mama aliyekwisha kutoa mimba, mlango haujafungwa. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kuondolea dhambi hiyo katika kitubio. Tulitangaze hilo kwa sauti ile ile tunayotumia kutangaza katazo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Kuna tofauti gani kati ya kusema «sheria inamtambua mtoto» na «sheria inampa mtoto utu wake»?
2. Ukiulizwa kuhusu mafundisho ya Mtakatifu Thomas juu ya roho, utajibu nini?
3. Katika jumuiya yetu, ni nani leo anayebeba mimba katika shida? Tutamfanyia nini wiki hii?