Pua Kuziba Upande Mmoja

Hapa kwetu Machakos, hasa Wamunyu, wengi hula jasho la kuchonga vinyago. Lakini vumbi la mbao, zaidi la miti migumu, laweza kuleta saratani ndani ya pua. Ni ugonjwa wa nadra, nao hujificha kama mafua.

Dalili: pua kuziba upande mmoja wiki nyingi, damu kutoka mara kwa mara, shavu kufa ganzi. Usingoje! Hospitalini daktari huchungulia pua, kisha hukata kinyama kidogo kikapimwe. Tiba ni upasuaji, mara nyingi pamoja na mionzi, kama ile ya Hospitali ya Kenyatta, Nairobi.

Kinga: pigeni msasa nje, mkivaa barakoa. Lowesheni vumbi kabla ya kufagia.

Tujadiliane: mwenzetu akipata dalili hizi, nauli itatoka wapi?